Oketch, meja na moyo wa chura

Masinde, nimetoka kwa Oketch sasa hivi na hasira haijanishuka. Unajua alikuwa fundi wa maabara Kampala. Kumbe mwaka '75 yalimkuta haya!

Kalisiamu ya maabara ilikuwa imekwisha, na oda mpya ilingoja sahihi ya meja, mwanajeshi aliyewekwa kuisimamia. Oketch akamwonyesha moyo wa chura ndani ya maji ya chumvi, umesimama kabisa.

"Afande, kwenye msuli kuna protini inaitwa troponini. Kalisiamu ikiigusa, inasogeza uzi unaozuia msuli kujikunja, moyo unabana. Bila kalisiamu haubani."

Meja akakunja uso. "Wewe Mkenya, umeua chura ya serikali? Hiyo ni hujuma!"

Hujuma! Watu walipotea kwa neno hilo, Masinde. Oketch akasaga chaki ya ubaoni, maana nayo ina kalisiamu, akaitia majini.

Chaki! Moyo ukaanza kudunda.

Meja akacheka, akampiga begani. "Kumbe chaki iko! Sasa dawa ya Ulaya ya nini?"

Akaichana oda palepale. Halafu akabeba boksi zima la chaki, eti mama yake moyo unamsumbua!

Mpaka leo Oketch anajiuliza, "Ningeuacha tu ule moyo wa chura umesimama?"