Nguo ya Ndani ya Muuaji wa Nyati

Jumatatu, 12 Novemba 2007

Nimewahi kuua nyati kwa mkuki, peke yangu, nikiwa na miaka kumi na saba. Ndivyo nilivyomwambia Roy leo tukitoa mapipa ya taka. Uongo. Nilichowahi kuua ni digidigi, naye alikuwa tayari amenaswa kwenye mtego wa kaka yangu huko Kitui. Na nililia.

Roy ni jirani. Mzungu, fundi wa mabomba aliyestaafu. Amenitazama kwa heshima. Akasema Jumamosi msimu wa kulungu unafunguliwa, twende wote msituni. Bunduki ni yake, mimi macho tu. Nimekubali kabla hajamaliza. Miaka miwili hapa Woodbridge, Marekani, na huyu ndiye wa kwanza kuniambia twende mahali ambapo si kanisani wala kwa daktari.

Wa kumsimulia hakuna. Binti yangu Mwende ni nesi wa usiku kwenye makao ya wazee kule Sterling. Mchana amelala, usiku hayuko. Nilimpa jina la mama yangu, ndiyo maana namwita Mama. Tunapishana mlangoni kama walinzi wa benki.

Jumanne, 13 Novemba

Roy ameuliza ndani nitavaa nini. Nikadhani ananitania. Mtu mzima anamuuliza mwenzake habari za chupi!

Kumbe ni jambo zito. Koti, anasema, ni sura tu. Nguo inayogusa ngozi ndiyo inayokuponya au kukuua. Unapanda kilima unatoka jasho, halafu unakaa masaa matano kama gogo. Pamba inakunywa lile jasho na kukaa nalo. Vaa sufu. Ukiikosa, poliesta. Pamba kamwe.

Nimetikisa kichwa kama niliyezaliwa kwenye theluji. Moyoni nimemcheka. Pamba nimeivaa miaka sabini na moja. Kwetu baridi ikizidi unaongeza nguo juu ya nguo, basi. Roy anachagua suruali ya ndani kama anayechagua mke.

Jumatano, 14 Novemba

Jaribio. Vesti tatu za pamba, suruali mbili za kulalia, koti juu. Nikazunguka mtaa mara nne, haraka, mpaka jasho likatiririka. Kisha nikakaa kwenye benchi la kituo cha basi la shule. Sijikuni. Sigeuzi shingo. Mwindaji.

Dakika ishirini, sawa. Baada ya hapo vesti zikawa barafu. Roy hakusema uongo, mshenzi yule.

Nikasema nimalize saa nzima. Mama mmoja akapiga simu: kuna mzee amekaa, hasogei. Akaja polisi kijana, mpole. Ananiuliza kama nangoja basi. Nangoja kulungu, nikamwambia.

Akanileta hadi mlangoni. Mwende akaamshwa. Alikuwa amelala masaa mawili tu. Alivyonitazama! Si kwa hasira. Heri ingekuwa hasira. "Baba, ukipotea nitakutafuta kwa nguvu gani?"

Sikupotea. Nilijua nilipo. Nikamwonyesha vesti zilizolowa, nikamweleza habari za Roy na sufu.

Alhamisi, 15 Novemba

Mwende ametoka kazini akapitia duka la wawindaji. Nimekuta ameacha mfuko mezani, yeye kashalala. Sufu! Shati na suruali ndefu, rangi ya majivu, nyepesi hata nikadhani wamempunja. Nimevaa. Joto bila uzito. Kama kukumbatiwa na mtu asiye na maneno mengi. Mara ya mwisho kukumbatiwa ilikuwa uwanja wa ndege.

Ila ukucha wa dole gumba, mguu wa kushoto, umenasa uzi. Kucha zangu ni za mamba. Nyonga hainiruhusu kuzifikia. Mwende aliahidi kuzikata tangu Septemba. Huko kazini anawakata wazee wa watu kila wiki. Najua. Vifaa viko kwenye mkoba wake, ndani ya kisanduku cheupe.

Nimekaa na sufu kutwa. Nimeimwagia chai kifuani, pumbavu mimi. Nimeitia kwenye kapu la nguo chafu.

Ijumaa, 16 Novemba

Roy alinionya: sufu hufuliwa kwa mkono, maji baridi, na mashine ya kukaushia isiione kabisa. Sikumwambia Mwende. Naye ametoka shifti ndefu, macho mekundu, akatupa vyote mle. Mashuka, taulo, sufu. Imetoka saizi ya mwana mbuzi.

Nikacheka. Nikaivaa kichwani kama kofia ili naye acheke. Akakaa kwenye sakafu ya chumba cha kufulia, akalia. "Pole, Baba. Nina deni kwako. Sema chochote."

Nikasimama pale na suruali kichwani. Sijui binti mtu mzima akilia anashikwa wapi.

Kesho Roy anaondoka saa kumi na moja alfajiri. Sina nguo ya ndani. Kumwambia, siwezi. Muuaji wa nyati hakosi suruali. Kabatini nimeona sare kuukuu ya Mwende. Poliesta, zambarau, ina picha za paka.

Jumamosi, 17 Novemba

Roy aliona paka shingoni nilipofungua zipu. Akachukua bunduki, tukapanda kilima.

Tumekaa chini ya mwaloni masaa matano, ubavu kwa ubavu, bila neno. Kimya cha watu wawili si sawa na kimya cha mtu mmoja. Poliesta haikushika jasho, nakubali. Lakini kufika saa tatu ilinuka kama beberu, na upepo ukapeleka habari. Kulungu jike akachungulia. Akavuta pua. Akaondoka bila haraka, kama mtu aliyekosea mlango. Roy alicheka mpaka akakohoa.

Ndipo nikakiri. Nyati sikuua.

"Nilijua," akasema. "Uliniambia alikuwa na madoadoa."

Kuteremka kilima, kucha zikagonga buti kila hatua. Nyumbani nimekuta soksi ina damu. Hata hivyo ni siku nzuri kuliko zote tangu nije nchi hii.

Mwende alikuwa ameshaondoka; leo wamemwita kazini mapema. Nimebaki na sare yake mwilini mpaka giza. Inanuka jasho langu, lakini kwenye kola bado kuna ile sabuni yake ya kazini.

Jumapili, 18 Novemba

Kanisani sikwenda. Kiatu hakiingii. Mvua nyembamba. Mwende leo yuko ofu, bado amelala.

Nimefua sare kwa mkono, maji baridi. Nimeianika bafuni. Kisha nimebandika karatasi kwenye friji. Nainakili hapa nisije nikaikana.

Mama, sufu nimekusamehe. Usininunulie nyingine. Lakini ulisema una deni kwangu, niseme chochote. Ukiamka, njoo na kile kisanduku cheupe. Maji ya moto nitachemsha mwenyewe, na beseni ninalo. Anza na mguu wa kushoto, taratibu.