Komamanga Lenye Ndevu

Jumamosi, 5 Machi 1966

Leo forodhani tumefungua kifurushi cha mhandisi Mfaransa. Ndani mna kitabu cha michoro ya kejeli ya kwao, ya zaidi ya miaka mia iliyopita. Kwa kuwa nilisoma Kifaransa kidogo Unguja, Sheikh Marhoon, mkubwa wetu, kanitaka nieleze kila mchoro kwa Kiarabu. Mfalme wao kachorwa mara nne: kwanza uso, kisha mashavu yanashuka, mwisho ni tunda tu — pea. Mchoraji alishtakiwa! Akawauliza mahakimu: kosa liko kwenye mchoro wa ngapi?

Harub, mwenzangu wa meza ya pili, hajapata kuona pea. Wala mimi. Basi nikamchorea tunda tunalolijua: kichwa chenye kilemba, hatua kwa hatua, mpaka kikawa komamanga. Nyuma ya fomu kuukuu, maana karatasi hapa hazitupwi. Akacheka mpaka akashika meza. "Suud, bado ndevu!" Akazitia.

Tukageuka wote wawili kutazama mlango. Mtawala wetu mwenyewe! Hata humu simtaji kwa jina.

Jumapili, 6 Machi

Karatasi haipo! Harub anaapa hakuichukua. Nikamwuliza Bakhit, tarishi. Sheikh kaamuru kila kinachohusu kitabu kifuatane nacho, kasema. Kakusanya vyote, kafunga. Kimekwenda wapi?

"Salala, bwana. Kwa ndege ya asubuhi."

Kila ruhusa hutoka Salala, kasrini kwake mwenyewe. Na huko atakayekifungua —

Jumanne, 8 Machi

Kimya. Dirishani kwetu gereza la Jalali linaonekana lote. Sikuwahi kulitazama hivi.

Mama: "Nnakuona huli, mwanangu. Nani kakuudhi?" Nikasema tumbo. Tulitoka Unguja na begi moja. Nikikamatwa, yeye atakwenda kwa nani?

Jumamosi, 12 Machi

Harub kanishika mkono ngazini. Akiulizwa, atasema mchoro wote ni wangu, na ndevu pia.

"Mimi nna watoto watatu, ndugu yangu. Wewe hujaoa."

Kasema kwa upole. Upole huo ndio ulionitisha.

Jumatano, 16 Machi

Kitabu kimerudi. Karatasi yangu iko juu yake. Sheikh Marhoon hakugomba — afadhali angegomba. Kesho baada ya chai, mimi na Harub, kila mmoja atachora komamanga mbele yake. Atalinganisha mikono. Jina moja litapelekwa Salala.

Harub kaniambia hajui kuchora hata yai. Anacheka!

Najaribu humu, tangu alasiri, komamanga lisilofanana na lile. La kwanza limetoka na mashavu. La pili nimelichora kwa mkono wa kushoto: lina kilemba. Kurasa zote mbili nimezichana, nimezitia jikoni motoni. La tatu nimeliacha bila taji, nikatia jani moja tu chini, basi. Jani likaning'inia kama ndevu.

Mama kaniletea chai, kachungulia begani.

"Mashallah! Huyu si —"

Nikamziba mdomo kwa mkono wenye wino.