Tisa Amesafiri

12 Februari 1991

Mwanangu,

Salamu zikukute ukiwa mzima na umeshiba. Mimi sijambo, isipokuwa mapaja yanayouma kama yametwangwa. Usicheke. Nimejiunga na mazoezi pale ukumbi wa jamii, nyuma ya zahanati.

Tangu baba yako atutoke nilikuwa naongea na redio, nayo ina tabia ya kunikatiza. Basi yule mkunga mstaafu aliyekuzalisha akanishika mkono, akanivuta mpaka ukumbini. Tunasimama kwa mistari, kila mtu na namba yake. Zamu yako ikifika unaitaja kwa sauti, wote wananyoosha mikono juu. Mimi ni Tisa. Hata sokoni sasa naitwa Tisa, na naitika.

Juzi mafua yalinilaza. Huku mtu akikosa bila kuaga, wote wanamfuata kwake. Nikasikia vishindo uani: wamekuja na raba zao, wanaruka mbele ya mlango wangu, Mkunga anahesabu. Ikabidi nitoke na blanketi mabegani, nikapiga kelele, "Tisa!" Nililia, mwanangu. Nilishasahau kwamba na mimi naweza kutafutwa.

Ni mimi mama yako

20 Machi 1991

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini mapaja yamepoa. Mimi afya ninayo, usingizi ndio sina, maana mashuka ya hospitali hayaishi kufuliwa. Barua yako nimeisoma kati ya mashine mbili, nikacheka peke yangu. Hapa ughaibuni hakuna anayeniita jina, wananinyooshea kidole tu.

Habari njema: msimamizi wetu amekubali kutusaidia kupata kibali chako cha kuingia huku. Mwezi wa sita utakuja tuishi pamoja, moja kwa moja. Nitakutumia tiketi. Anza kuaga, mama.

Mwanao

9 Mei 1991

Mwanangu,

Hujambo wewe? Huku tunapumua. Sikufichi, niliposoma barua yako nilifurahi, kisha nikakaa kitandani nikawaza ukumbi. Lakini wewe ndiye mtoto niliyenaye. Nikawaambia.

Mkunga alilia kama mtoto mchanga. Wamepanga kuniaga kwa kishindo, na raba mpya wameshaninunulia, nyekundu, eti nisiwaaibishe huko ugenini. Namba yangu hatapewa mtu. Zamu ya Tisa ikifika watanyamaza, mikono juu, halafu wataendelea. Nimewapa anwani yako waniandikie huko.

Mguu wa kushoto unaingia ganzi kidogo. Uzee huo, usiutilie maanani.

Mama yako

23 Mei 1991

Mama,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi. Msimamizi amehamishwa, na huyu mpya hataki hata kusikia habari za vibali. Tiketi haipo. Labda mwakani, na hata hiyo labda naisema kwa kujikaza. Nisamehe. Wewe rudi tu ukumbini. Watakutania siku moja, yataisha.

Mwanao

11 Juni 1991

Mwanangu,

Nimekusamehe. Wewe u mzima lakini? Barua yako ilifika wakati nimeshaagwa. Waliimba mpaka sauti zikawakauka. Nikijua tiketi iko njiani, nilikuwa nimewaambia naondoka alfajiri ya Jumapili, wasinisindikize, nisije nikabadili mawazo.

Unasema nirudi. Nirudi vipi, na raba zao miguuni? Nikaseme mwanangu hakunitaka? Najua sivyo, lakini ndivyo watakavyosikia. Nimefunga madirisha. Maji nachota mapema kabla majirani hawajaamka. Barua hii nitampa dereva wa lori asiyenijua.

Juzi mguu ulikufa ganzi kabisa, nikaanguka jikoni. Nikiwa pale sakafuni nilisikia vishindo nje, moyo ukaruka. Kumbe ni jirani anakung'uta zulia. Ndipo nikakumbuka hakuna atakayekuja, kwa kuwa niliaga vizuri. Nimechoka, mwanangu. Nimechoka kweli.

Mama yako

2 Julai 1991

Mama,

Shikamoo mama yangu. Nakuomba, ukisoma hapa tu, vaa raba uende kwa Mkunga. Aibu gani hiyo ya kukulaza sakafuni? Nilitaka kumwandikia mimi mwenyewe, nikaona utasema nimekuumbua. Nasubiri jibu lako kwanza. Nijibu hata mstari mmoja.

Mwanao

30 Julai 1991

Kwa Tisa na mwanawe,

Wapenzi wetu, mko salama huko kwenye baridi? Sisi wazima, ila tumepungukiwa kelele. Zamu yako ikifika tunanyamaza, mikono juu, na wa mstari wa nyuma anapangusa macho akisingizia jasho.

Kila tukitoka mazoezini tunapita kwako. Nyumba imetulia, madirisha yako vilevile ulivyoyafunga, na mlango hakuna aliyeufungua. Kuna barua imechomekwa chini ya mlango, tumeiacha, utaikuta ukija kututembelea. Mbona huandiki? Ndiyo umeshapata wa kuruka nao? Wewe binti, mtunze. Yeye ndiye alikuwa utamu wa ule ukumbi, tena hajui.

Mama yako mkubwa, Mkunga

Telegramu, 19 Agosti 1991
Kwa Mkunga, ukumbi wa jamii

MAMA MKUBWA. MAMA HAKUSAFIRI. YUMO NDANI. VUNJENI MLANGO.
MWANAO