Makala Yenye Majina Mawili

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na watoto, na kwamba goti limeacha kukusumbua. Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo haina amani, na sitaki kukuzungusha.

Kazi yangu hapa maktaba ya chuo unaijua. Mkuu wa idara ya famasia aliniagiza nimtafutie maandishi yote kuhusu namna wanafunzi wa famasia wanavyofundishwa kuepuka makosa ya dozi. Anadhani nabonyeza kitufe tu, makala zinajipanga zenyewe. Kumbe ukiandika “dozi” na “wanafunzi” kwenye kanzidata, unamwagiwa hadi makala za mifugo. Nikaongeza maneno, nikachuja, nikasoma muhtasari mmoja baada ya mwingine hadi macho yakawasha. Majina ya waandishi huwa siyatazami mpaka mwisho, nisije nikapendelea.

Ndipo nikakutana nawe. Hukutajwa, lakini ni wewe: mwanafunzi wa kike wa mwaka wa mwisho, yuko kwenye mazoezi hospitalini, mtoto kapewa dawa ya maji yenye nguvu maradufu, akanusurika. Wameandika kwamba chupa ya dawa hiyo na ya ile ya kawaida zilifanana, msimamizi hakuwepo, na somo hilo darasani halikuwa limefundishwa. Wamesema wazi kosa lilikuwa la chuo. Wakabadilisha mtaala, wakapongezwa. Wewe walikuwa wameshakufukuza, na hakuna aliyekurudia hata kukupa pole.

Nililia palepale, Dada, tena kwa hasira. Nikayatazama majina. La kwanza ni la mhadhiri wako. La pili ni la shemeji, mume wako, uliyekaa naye dawati moja chuoni.

Nilimpigia simu. Hakukana. Alisema, “Ningemwambia ili iweje? Alishatulia.”

Miaka yote hii anajua. Anakuona unavyoogopa kuwapimia wanao dawa ya kikohozi. Mtoto anakohoa, wewe unamngoja yeye arudi kutoka kazini, naye anakuja kupima kijiko huku unamshukuru. Ndiko kutulia anakokusema huko.

Makala nimeiweka humu, kurasa zote. Isome mwenyewe, usikubali akufafanulie. Na kwangu kuna nafasi, ukitaka kuja na watoto.

Nisalimie wanangu, mmoja mmoja. Baba yao simsalimii.

Mdogo wako,
Kimbelembele