Shikamoo ya Mama

Jumanne, Doonside

Basi ni rasmi. Tangu leo baraza la ulezi, lile linaloteua wa kuwasimamia watu wazima wasiojiweza, limenipa mimi mamlaka ya kuamua mama aishi wapi na atibiwe vipi, maana ugonjwa wa kusahau umeshamzidi. Walipomuuliza kama ananikubali, alisema, "Huyu bwana mpole." Jina langu hakulitaja.

Hilo nililitegemea. Linaloniuma ni la kwenye treni, tukirudi. Aliitazama suti yangu na bahasha ya baraza mapajani, akakaa vizuri, akaniamkia kwa heshima zote, "Shikamoo."

Nami kwa uchovu na mazoea nikaitikia, "Marahaba."

Mama yangu mzazi. Akaridhika, akageukia dirishani.

Kesho nitamwahi mimi, hata kama hatajua anaamkiwa na nani.