Mama Mkwe wa Chumba cha Sabuni

Jumatatu, 3 Machi

Mashine imefika! Imeingizwa chumbani kwetu na turubai juu, watu wanne wanasukuma. Tukafunua — kitu chenyewe kidogo, hakizidi kabati la vyombo. Meneja kasema haikuja na meli. Imeundwa karakana ya mtaa wa nyuma, kwa mota na mkanda na vyuma vya kawaida, bei ya watu kama sisi. Ikiharibika, fundi yuko karibu.

Kazi yake kuzifunga sabuni karatasi. Yaani kazi yangu! Hakuna anayenifikia kwa kufunga sabuni, hata wifi yangu, tunayekaa naye meza moja na kutaniana kutwa.

Hakuna atakayefukuzwa, kaapa meneja. Wote tutafundishwa, na Jumatatu ijayo mtihani: kujaza katoni moja bila mashine kusimama. Anayeweza anabaki nayo. Anayeshindwa, stoo, kubeba makatoni. Mimi na mgongo huu uliobeba mapacha? Siendi stoo. Siendi!

Jumanne, 4 Machi

Mwalimu ni binti wa karakana, mmoja wa walioiunda. Mpole. Kila akifungua mdomo ni "taratibu", basi tumeshambatiza Bi Taratibu. Katuonyesha jicho la mashine — kitaa chekundu pale sabuni inapotokea ikiwa imeshavaa karatasi. Mkono ukipita mbele yake, mashine inazima papo hapo, isije ikakukata vidole. Unaiacha sabuni iangukie kwenye trei, ndipo unaichukua. Nani ashindwe na hilo?

Mimi.

Sabuni ya kwanza kutokea tu, mkono wangu huo: pa-pa! Ikazima. Ya pili: pa-pa! Ikazima. Ndivyo nilivyofundishwa na shangazi, aliyekuwa chumba hiki kabla yangu: ukishafunga, ipige sabuni mgongoni mara mbili. Pigo la kwanza ili karatasi ishike. La pili, alisema, ni la kuiaga. Shangazi hayupo tena, na mkono wangu kumbe bado unamsikiliza.

Wifi kacheka mpaka kakaa chini. Haitaki kuguswa, akasema, na ukiigusa inanuna — hii si mashine, hii mama mkwe! Jina limeshika kabla ya chakula cha mchana. Nami nimecheka kwa tahadhari, maana mama mkwe wangu ni mama yake yeye.

Alhamisi, 6 Machi

Baba Mapacha naye ni mwanafunzi. Lori lake la kukohoa moshi limepumzishwa. Sabuni sasa zinapelekwa madukani kwa kigari cha umeme cha magurudumu matatu, na hakina sauti kabisa. Zamani mlinzi wa geti alilisikia lori likiwa bado barabara kuu, akaweka chai chini, geti wazi. Leo mume wangu kafika, kasubiri weee, mlinzi anasoma gazeti. Mwishowe mtu mzima na ndevu zake kaunguruma kwa mdomo — vrrruuum! — geti likafunguliwa.

Kanisimulia kwa uchungu. Nikainama kwenye sufuria nibane kicheko. Lakini anakipenda, namjua. Jioni hii kashanusa shati lake mara mbili na kusema halina dizeli.

Mimi? Mama Mkwe kaninunia kutwa nzima. Wifi hajamnunisha hata kidogo. Anaringa huyo!

Jumapili, 9 Machi

Mazoezi, meza ya jikoni. Baba Mapacha ndiye mashine: anasukuma sabuni juu ya ubao wa kukatia mboga huku ananguruma (kashazoea). Mapacha ndio jicho: nikigusa, wanapiga ukelele. Wamepiga ukelele mpaka jirani kaja kuuliza kuna msiba gani.

Wifi kaingia katikati ya vurugu. Nikajiandaa kuchekwa. Hakucheka. Kakaa, kanitazama, halafu kasema: ukienda stoo, mimi mle chumbani nitagombana na nani? Kanitafutia kitambaa, kanipa nikishike kwa mkono ule mkorofi. Mkono wenye mzigo haupigi, kasema.

Kweli! Sabuni zote zimepita, ukimya mtupu, mapacha wamechukia. Nilitaka kulia kwa furaha, nikasingizia vitunguu.

Ila Baba Mapacha alipoinuka kwenda kuoga, nilimpiga mgongoni, pa-pa. Akageuka. Akauliza anaingia kwenye katoni gani.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika nimekaa juu ya katoni, nje ya mlango. Wifi yumo ndani. Nasikia mashine inakwenda, inakwenda, haikatiki. Wenzetu wawili wameshamaliza: mmoja kapita, mwingine anaelekea stoo, kajikaza anatabasamu. Sikuweza kumtazama machoni.

Makofi! Wifi kapita. Katoka meno yote nje, jasho tele. Kanikumbatia, kaninong'oneza: kitambaa. Nikamwonyesha. Kipo, kimeshikwa hasa, vidole vimekuwa vyeupe.

Naitaka kazi hii. Nimeanza hata kuupenda mlio wa Mama Mkwe, wallahi. Nataka kesho tukae chumba kimoja, mimi na wifi na mkwe wetu, tusengenyane.

Baba Mapacha kapita na kigari chake, kimya. Katoa kichwa: vrrruuum! Mlinzi karuka. Nimecheka.

Bi Taratibu ananiita. Karibu mama, taratibu tu. Nafunga daftari.

Nimelifungua tena, dakika moja tu! Nilipolifunga nimelipiga mgongoni. Mara mbili. Na kitambaa kilikuwa mkononi.