Marahaba Niliyomwitikia Mama

Kwai, Lushoto
14 Juni 2025
Jumamosi. Asubuhi ukungu mzito na manyunyu; jua limetoka saa nne.

Mpendwa mdogo wangu Modesta,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi hii unayoijua. Natumaini u mzima, kifua hakikusumbui, na huko Ujerumani mmeanza kuvua makoti. Sisi tunaendelea vizuri. Ng'ombe amezaa ndama dume, kabichi zimekubali, na Mjomba Tobia bado anatembea bila fimbo, jambo analotutangazia kila siku.

Maelezo yako kuhusu kazi ya maabara niliyasoma mara mbili. Nimeelewa hivi: kuna kimeng'enya ubongoni kinachovunja kemikali inayobeba ujumbe, nanyi mnatafuta dawa ya kukizuia ili kumbukumbu idumu. Nilimkumbuka mwalimu wetu wa baiolojia alivyotutafunisha kiazi kisicho na chumvi hadi kikawa kitamu, tujue vimeng'enya vya mate. Jioni nikakufundisha na wewe, ukiwa darasa la nne, ukamaliza viazi vyote vya chakula cha usiku. Mama alicheka mpaka akaketi chini. Labda utafiti wako ulianzia pale.

Hukunificha kwamba dawa yenu haitawahi kumfaa Mama, kwa kuwa majaribio yanataka miaka. Vidonge alivyopewa hospitali ni vya jamii hiyohiyo, lakini vinapunguza dalili za ugonjwa huu wa kusahau kwa muda tu. Hilo nimelikubali. Ila lipo jambo ambalo sikuweza kukuambia kwenye simu.

Tarehe 2 mwezi huu Mama aliingia jikoni, akasimama mbele yangu, akasema, "Shikamoo, mama."

Alinidhania Bibi Secilia, marehemu mama yake. Nikamwambia mimi ni Beatha, mwanao. Akarudia. Ningeitikaje shikamoo ya aliyenizaa? Nikamsogezea kiti na uji. Hakukaa, wala hakugusa uji. Ikawa hivyo asubuhi tatu, nami naandika kwenye daftari langu: amekosea, nimemsahihisha, hakula.

Siku ya nne Mjomba Tobia alitukuta, Mama amesimama na uji umepoa. Aliniuliza kama nimesahau tulivyolelewa, kwamba mtoto hakai kabla hajaitikiwa.

"Mwitikie, Beatha," akasema. "Dada yangu anasubiri kuruhusiwa kukaa."

Nikasema, "Marahaba, mwanangu."

Mama akakaa, akanywa bakuli zima. Akanisimulia kwamba ameanguka na ndoo ya maziwa njiani, akaniomba nisimwambie baba. Nikamwahidi. Sikuwahi kumwona Mama akiwa mtoto, Modesta, na alikuwa mtoto mcheshi sana. Tangu siku hiyo naitika kila asubuhi, naye anakula.

Jina langu limekwisha kumtoka. Lako bado analo. Kila saa kumi anatoka hadi njia panda kukupokea ukitoka shule, amebeba sweta lako la kijani. Jirani yetu Rahma humrudisha taratibu, akimwambia leo mna kipindi cha ziada.

Ulisema utakuja mradi ukiisha, mwaka 2027. Sijui ratiba za maabara, lakini daftari langu linaonyesha kuwa mwezi Machi alikuwa bado ananiita Beatha. Njoo Desemba hii. Najua kazi yako itawasaidia mama wa watu wengine, na sikuombi uiache. Naomba wiki mbili tu, akuone wakati bado anakujua.

Shemeji yako Dotto anakusalimu, pamoja na Mjomba na Rahma. Mungu akulinde katika kazi ya mikono yako na akufungulie njia ya kuja nyumbani.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Beatha

Nilikuwa sijafunga bahasha: Mama amelala saa mbili kasoro robo. Aliuliza mara mbili kama komeo la mlango wa jikoni limeachwa wazi, kwa sababu hujarudi. Nilimwambia ndiyo, na kweli nimeliacha wazi.